Kete kiunoni mwa mtoto: konokono wa baharini aliyetufikia Kisaki

Siku ya kliniki, mama anapomvua mtoto nguo ili apimwe uzito, mara kwa mara tunaona uzi mweusi umezungushwa kiunoni au shingoni. Kwenye uzi huo kuna shanga mbili tatu, kipande cha mti, na katikati kitu kidogo cheupe kinachong'aa, chenye ufa wa meno meno upande mmoja. Wengine wanakiita kete, wengine simbi, wengine kauri. Tukimwuliza mama ni ya nini, anacheka kwa aibu na kusema, "Ni ya bibi yake, ya kuzuia jicho." Tukimwuliza imetoka wapi, hajui. Bibi naye akiulizwa anasema aliikuta kwa mama yake.

Akina mama wenzetu, mwezi huu tungependa tukizungumze kitu hiki kidogo kwa utaratibu. Hatutaki kuwacheka bibi zetu wala kumgombeza mtu. Tunataka tujue kete ni nini, imefikaje huku kwetu Kisaki, zaidi ya kilomita 150 kutoka baharini, na inaweza kumfanyia mtoto kitu gani na haiwezi kumfanyia kitu gani. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu hapo ndipo watoto wengine wanapopona na wengine wanapopotea.

Nyumba ya kiumbe hai

Kete ni gamba la konokono wa baharini. Wapo wa aina nyingi katika ukoo huo, lakini wale wadogo wanaofungwa kwenye nyuzi ni hasa wa aina mbili. Mmoja ana mviringo wa rangi ya dhahabu mgongoni, kama pete. Wataalamu wanamwita Monetaria annulus, na hilo neno la pili maana yake ni pete. Wa pili ni wa rangi ya manjano, na gamba lake lina pembe pembe. Huyo ni Monetaria moneta, yaani kauri wa fedha. Wote wawili ni wadogo, kwa kawaida karibu sentimita 2, kama pingili ya juu ya kidole gumba cha mtu mzima.

Konokono hawa wanaishi katika bahari ya joto, kuanzia Bahari ya Shamu, kupitia pwani yetu yote ya Afrika Mashariki, hadi visiwa vya mbali vya Pasifiki. Hawapendi vilindi. Wanakaa kwenye maji mafupi, juu ya miamba ya matumbawe na katika vidimbwi vinavyobaki maji yakipwa. Mchana hujificha chini ya mawe, na chakula chao ni mwani mdogo mdogo unaoota juu ya miamba.

Wengi hujiuliza kwa nini kete inang'aa kana kwamba imepakwa rangi. Konokono akiwa hai hutoa ngozi laini kutoka pande mbili za mwili wake, akalifunika gamba lote kama mtu anayejifunika khanga. Ngozi hiyo ndiyo inayotandaza gamba jipya juu ya la zamani na kulikinga lisikwaruzwe. Akiwa mchanga gamba lake ni jembamba na mdomo wake ni mpana. Akikomaa, mdomo hujikunja kwa ndani na kuota yale meno tunayoyaona. Tangu hapo haongezeki tena urefu; kinachoongezeka ni unene wa gamba tu.

Lipo jambo moja ambalo sisi akina mama tutalielewa upesi. Kete jike hutaga mayai yake ndani ya vifuko vidogo vingi, akavibandika juu ya jiwe, kisha akavikalia kwa mguu wake mpana. Hayaachi. Hukaa hapo siku kadhaa mpaka watoto watoke na kwenda kuelea baharini kabla ya kutua mwambani. Mtu akija maji yakiwa yamekupwa na kumng'oa mama huyo, mayai nayo hubaki bila mlinzi, na samaki na kaa huyamaliza.

Kwa hiyo ile kete tunayoiona kiunoni mwa mtoto ilikuwa nyumba. Mwenye nyumba aliokotwa akiwa hai, akaachwa juani au akafukiwa mchangani mpaka nyama ikaoza, gamba likaoshwa, likatobolewa na kutungwa uzi.

Wanawake wa pwani waliijua kete siku nyingi. Ndugu yake mkubwa mwenye madoa, anayeitwa dondo, mafundi walimtumia kusugulia mishono ya nguo na kofia ili ilale vizuri. Wachezaji wa bao nao huziita tembe zao 64 kete mpaka leo, ingawa wengi wanachezea mbegu za mkomwe.

Wakati kete ilipokuwa fedha

Huenda baadhi yetu hatujui kwamba gamba hili liliwahi kuwa fedha. Watu wa China ya zamani walilitumia miaka mingi kabla ya Kristo kuzaliwa, na hadi leo maneno mengi ya Kichina yanayohusu mali na biashara huandikwa kwa alama iliyotokana na picha ya kauri. Katika karne ya 14 msafiri Ibn Battuta alikaa katika visiwa vya Maldives, akaeleza jinsi watu wa huko walivyozikusanya kete na kuziuza nje kwa majahazi. Zilivuka jangwa na bahari mpaka Afrika Magharibi, zikanunua chumvi, nguo na mifugo. Na tuseme ukweli wote: zilinunua watu pia. Meli za Ulaya zilibeba kete kutoka Bahari ya Hindi kwenda kuzibadilisha kwa watumwa.

Kwa nini kete zilichaguliwa? Fikiria mwenyewe. Kete haiozi, haili kutu, haipasuki kirahisi. Zinalingana ukubwa, kwa hiyo unaweza kuzihesabu moja moja au kuzipima kwa kikapu. Tena mtu hawezi kukaa nyumbani akatengeneza ya bandia, maana anayeitengeneza ni konokono peke yake.

Pwani yetu iliingia katika biashara hiyo kwa nguvu katikati ya karne ya 19. Wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, akiwamo Adolph Jacob Hertz katika miaka ya 1840, na baadaye nyumba ya O'Swald iliyofungua ofisi Zanzibar mwaka 1849, waliona kwamba kete za Afrika Mashariki, zile zenye mviringo wa dhahabu, zinapatikana kwa bei ndogo. Walizipakia kwa wingi mno, wakazipeleka Afrika Magharibi kununua mafuta ya mawese. Mwanzoni walipata faida kubwa. Lakini kitu kikijaa sokoni hushuka thamani. Iliyokuwa kete chache ikawa kete mia, iliyokuwa mia ikawa elfu, mpaka mtu aliyetaka kununua kitu kikubwa alihitaji wapagazi wa kumbebea fedha. Waliokuwa wameweka akiba yao ya maisha katika vyungu vya kete waliamka wakajikuta maskini, na hakuna mwizi aliyeingia.

Kwa jirani zetu wa Uganda mambo yalikuwa hayo hayo. Waganda mpaka leo fedha wanaziita ensimbi, na jina hilo ni la hizi simbi zetu. Serikali ya Waingereza iliacha kuzipokea kwa kodi mwaka 1901. Huko Ghana nako, walipoanzisha fedha yao mwaka 1965 waliiita sidi, kutokana na neno la Kiakan la kauri.

Na Kisaki je? Nchi hii ya Wakutu, kusini ya milima ya Uluguru, ilikuwa njia kuu ya misafara kabla reli haijafikiriwa. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Zungomero, kituo kikubwa cha misafara katika nchi hii hii, na Burton akakiandika katika kitabu chake. Misafara ilipumzika hapa ikinunua nafaka kabla ya kupanda milima kwenda bara. Ilibeba shanga, nguo na nyaya za shaba. Waliokusudia kufika Karagwe na Buganda walijua kwamba huko simbi zilitakiwa sana. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyowaleta pwani watu waliofungwa minyororo, mpaka soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873. Mababu zetu waliona yote mawili yakipita mbele ya milango yao: vitu vya baharini vikipanda, na watoto wa watu wakishuka.

Somo la kwanza la kete

Hapo tusimame kidogo. Kete ilikuwa na thamani kwa sababu gani? Haikuliwa, haikuvaliwa wakati wa baridi, haikulima shamba. Thamani yake ilikuwa ni makubaliano ya watu tu. Mnunuzi aliamini, mwuzaji aliamini, biashara ikaenda. Siku watu walipoacha kukubaliana, magunia ya kete yakawa mzigo usio na kazi. Gamba halikubadilika hata kidogo. Lilikuwa vile vile, jeupe na lenye kung'aa. Imani ya watu ndiyo iliyoondoka.

Nguvu ya kete kama hirizi ni ya namna hiyo hiyo. Bibi anaamini, mama anaamini, jirani akiiona anaamini na kuogopa. Kwa jirani labda itafanya kazi. Lakini kimelea cha malaria kinachoingia kwa mate ya mbu hakikuwamo katika makubaliano yale. Mdudu wa nimonia hakuwamo. Maji machafu yanayoleta kuhara hayakuwamo. Hao hawaogopi kete, kwa sababu hawajui kwamba watu wamekubaliana.

Kwa nini bibi aliifunga

Tusikimbilie kulaumu. Tangu zamani, katika nchi nyingi kuanzia Misri hadi India, watu waliona ule ufa wa kete unafanana na jicho lililofumba nusu. Wakasema, jicho hili litarudisha jicho baya lilikotoka. Wengine waliona unafanana na mlango wa uzazi, wakawafunga mabibi harusi na wanawake waliochelewa kupata mtoto. Hata Wazungu, walipoanza kupata vyombo vya kauri kutoka China, waliviita kwa jina la konokono huyu kwa sababu vinang'aa kama yeye. Sisi nasi tunatumia neno hilo hilo moja, kauri, kwa gamba na kwa sahani.

Tukumbuke pia bibi alikuwa katika hali gani. Aliishi wakati ambao zahanati ilikuwa mbali kwa siku nzima ya kutembea, na masika mito ikijaa hakuna aliyevuka. Hapakuwa na chanjo ya surua wala chandarua chenye dawa. Mwanamke alizaa saba akazika watatu, na hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini. Mtu aliyezika watoto watatu akipata wa nne hulala macho. Atafunga uzi wowote atakaopewa. Kete ile ilifungwa kwa mapenzi na kwa hofu, na sisi tuliozaa tunaijua hofu hiyo.

Lakini mapenzi yakikosa maarifa yanaweza kumchelewesha mtoto.

Kete haizuii degedege

Sisi wauguzi tumeyaona haya zaidi ya mara moja. Mtoto wa miaka miwili anaanza homa Jumamosi jioni. Usiku anapatwa na degedege: macho yanapinduka, mikono inakakamaa, povu linatoka. Nyumbani wanasema huu si ugonjwa wa hospitali, ni wa kienyeji, tena akichomwa sindano atakufa. Anafukizwa, anapakwa dawa, kete ya shingoni inaongezewa ya kiunoni. Jumapili anapata nafuu kidogo, wote wanashukuru. Jumatatu alfajiri hawezi kunyonya tena, amelegea, viganja vyeupe kama karatasi. Ndipo anabebwa kwa baiskeli kuletwa kwetu.

Mmoja wa watoto wa namna hiyo alipona, na leo anasoma shule. Alipoanza kunyonya tena, mama yake alituambia maneno ambayo hatuyasahau: "Nilikuwa nangoja kete ifanye kazi." Huyu hakuwa mama mzembe. Alikuwa ameketi usiku mbili bila kulala, amemshika mtoto mkononi. Wapo wengine waliongoja hivyo hivyo, na tukaletewa mtoto akiwa amechelewa.

Mama mpendwa, tafadhali shika neno hili. Kwa mtoto mdogo katika nchi yetu yenye mbu wengi, homa yenye degedege mara nyingi ni malaria kali, na malaria kali inaweza kuua ndani ya siku moja tu. Wakati mwingine ni homa ya uti wa mgongo. Yote mawili yanatibika hospitali mtoto akiwahi. Kipimo cha malaria ni tone la damu kutoka kidoleni, na majibu hupatikana kwa dakika 15 hadi 20. Malaria ya kawaida hutibiwa kwa dawa mseto ya kumeza siku 3, na mtoto lazima amalize dozi hata akianza kucheza siku ya pili. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunate. Sindano haiui mtoto mwenye degedege. Wanaokufa baada ya sindano ni wale walioletwa wakati ugonjwa umekwisha kuwashinda.

Mchukue mtoto zahanati mara moja, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya:
- Hawezi kunyonya wala kunywa.
- Anatapika kila anachopewa.
- Amepata degedege.
- Amelegea sana, haamki vizuri, au hajitambui.
- Anapumua kwa haraka, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi.

Akipatwa na degedege nyumbani, mlaze kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumwumiza. Legeza nguo na nyuzi zote za shingoni. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Usimfukize moshi, kwa maana anahitaji hewa. Ikitulia, anza safari. Usingoje kuona kama itarudi.

Hatari ya kete yenyewe

Wengine husema, "Basi tuiache tu, haidhuru kitu." Si kweli sana. Uzi wa shingoni unaweza kunasa kwenye kamba ya kitanda au msumari mtoto anapotambaa, ukamkaba. Uzi ulioachwa mwaka mzima bila kufunguliwa huingia katika mikunjo ya ngozi, unashika jasho na uchafu, na vidonda vinaanza. Kwa mtoto mchanga ambaye kitovu hakijapona, usifunge wala usiweke kitu chochote karibu na kitovu. Kiache kikavu na kisafi.

Tena kete ikikatika, mtoto ataitia mdomoni. Ni laini, ni ya mviringo, na ina ukubwa wa kuziba koo la mtoto sawasawa. Mbegu za bao zina hatari hiyo hiyo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akipaliwa na kushindwa kulia au kupumua, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega. Kisha mgeuze, umbonyeze mara 5 katikati ya kifua. Rudia mpaka kitu kitoke, huku mwenzako akiita msaada. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Jambo jema ndani ya uzi

Lipo jambo moja jema ambalo bibi zetu walilijua bila kwenda shule. Uzi wa kiunoni ni kipimo. Mtoto akinenepa uzi unabana, na bibi anafurahi na kufunga mwingine. Mtoto akikonda uzi unateremka, na bibi anaanza kuuliza maswali.

Sisi kliniki tuna uzi wetu pia. Ni ule utepe wa rangi tatu tunaomzungushia mtoto kwenye mkono wa juu, kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Rangi ya kijani ni heri. Kati ya sentimita 11.5 na 12.5 ni njano, mtoto ameanza kupungukiwa. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huo ni utapiamlo mkali na matibabu yaanze siku hiyo. Mtoto ambaye miguu yake imevimba pande zote mbili naye ni wa matibabu, hata kama anaonekana mnene.

Kwa hiyo, mama, ukiona uzi wa mtoto wako umelegea, usiukaze. Kuukaza uzi hakumnenepeshi mtoto. Mlete apimwe, kisha tuzungumze chakula: uji wa ulezi wenye karanga, dagaa waliopondwa, maharage, mboga, yai likipatikana, papai na embe vya hapa hapa kwetu.

Namna ya kuzungumza na bibi

Huku kwetu, kwa Waluguru na Wakutu, ukoo hufuata upande wa mama, na neno la bibi mzaa mama ni zito. Mama kijana akija nyumbani na kukata uzi kwa wembe mbele ya watu, amemvunjia mzazi wake heshima, na mtoto akiugua kesho lawama yote itakuwa yake. Tumeona nyumba zikigombana hivyo, na kliniki ikaachwa kabisa.

Sisi katika kikundi chetu cha akina mama tunashauri njia nyingine. Kwanza mwulize bibi habari za watoto aliowapoteza, umsikilize mpaka mwisho. Wengi hawajawahi kuulizwa. Pili, mwalike aje kliniki pamoja nawe, akae, aone mtoto akipimwa, ashike kadi kwa mkono wake. Tatu, mwambie hivi: "Bibi, wewe ulikuwa unamlinda kwa ulichokuwa nacho. Sasa tuna chandarua na chanjo. Nisaidie kumlinda kwa hivi." Bibi aliyepewa kazi hupigana vizuri kuliko bibi aliyenyang'anywa kazi. Ndiye atakayekuamsha usiku useme twende zahanati.

Kwa wale wanaoificha kete chini ya gauni la mtoto siku ya Jumapili na kuitoa tena wakirudi nyumbani, tunasema kwa upole: Mungu haonei haya hofu ya mama. Mweleze wazi kwamba unaogopa. Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, alikemea hirizi zilizoshonwa kwa ajili ya mikono ya watu, na alikuwa akiwakemea waliokuwa wakiuza hofu hiyo kwa faida yao. Sala haimzuii mtu kwenda hospitali, na dawa haimzuii mtu kusali. Kete ndiyo inayotuambia tukae tungoje.

Ukifika pwani

Siku hizi vikundi vya makanisa husafiri mpaka Bagamoyo na Dar es Salaam, na watoto hurudi na magamba mifukoni. Tuwafundishe mambo mawili. La kwanza, waokote magamba matupu yaliyotupwa na mawimbi, wasing'oe konokono walio hai. Miamba ikimalizwa samaki hupungua, na wanawake wa pwani wanaochokoa pweza na kuokota chaza ndio wanaolala njaa. Ndiyo sababu mojawapo ya kuwekwa hifadhi kama ile ya bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995.

La pili ni la kuokoa maisha. Yupo konokono mwingine mwenye gamba zuri lenye umbo la koni na michoro ya kupendeza. Huyo ana mwiba wenye sumu, na aina zake kubwa zimewahi kuua watu wazima. Hakuna dawa maalumu ya kuua sumu yake. Mtoto asimshike wala kumtia mfukoni. Aliyechomwa atulizwe, asitembee, apelekwe hospitali upesi kabla pumzi haijaanza kuwa nzito.

Ya kuzungumza katika kikundi

Kabla ya mkutano wenu ujao, someni habari hii pamoja, kisha mwulizane maswali haya:

1. Katika nyumba zetu, mtoto akipata homa usiku, ni nani anayeamua kama aende zahanati? Je, mtu huyo amewahi kufika kliniki?
2. Ni ishara gani tano za hatari ambazo kila mmoja wetu anaweza kuzitaja bila kusoma?
3. Kikundi chetu kinaweza kuweka akiba kidogo kidogo ya nauli, ili mama asiye na kitu aweze kupata usafiri usiku?
4. Ni bibi yupi kijijini ambaye watu wanamsikiliza? Nani kati yetu atakwenda kukaa naye wiki hii, amsikilize kwanza?

Swali la tatu msilipite haraka. Vikundi vingine vimeanza kwa shilingi chache tu kila mwezi katika bati lililofungwa, na fedha hiyo, tofauti na magunia yale ya kete, mnajua mapema itanunua nini.